Kijana wangu kapita timu tatu, ya nne inamwita, na kiwiko anakificha

"Habari mtaalamu. Mimi ni mama wa Kitanzania, tuko Texas mwaka wa 19 huu. Kijana wangu wa kwanza ni mrushaji wa besiboli, alichaguliwa kwenye drafti (pale timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu) ya 2021 raundi ya 17. Timu ya kwanza ilimbadilisha na mchezaji mwingine 2024. Ya pili ikampandisha Ligi Kuu mwaka jana, siku 9 tu, usiku mmoja alirusha vizuri mpaka tukalia mbele ya TV, kesho yake wakamshusha. Baadaye wakamtoa kwenye orodha, ya tatu ikamchukua, nayo Novemba ikamwacha. Sasa ya nne inataka kumpa mkataba wa ligi ndogo aende mazoezi Arizona mwezi wa pili. Ana miaka 26. Ndugu nyumbani wanasema anayefukuzwa kila mahali hana kipaji, nimrudishe shule. Halafu kuna jingine, kiwiko kinamuuma tangu mwezi wa nane, kwa ndani, na vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi. Namkanda kwa maji moto na chumvi. Amenikataza nisimwambie mtu mpaka apite vipimo vya hiyo timu mpya. Nifanye nini?"

Shikamoo mama. Nilianza kukujibu hili la timu vizuri tu, nikafika kwenye vidole viwili nikaweka simu chini. Umeliweka mwishoni kama la kupita, ila hilo ndilo lililonifanya nikujibu wiki hii badala ya mwezi ujao. Kazi yangu ni tiba ya viungo, miaka 12 nimekaa kwenye vyumba vya tiba vya ligi ndogo nikishika mabega na viwiko vya vijana wa umri wa wako. Sio wakala wala mwanasheria. Ya mikataba nimeyajua kwa sababu wakishushwa wanakuja kulalia kitanda changu na kulalamika, nami nasikiliza huku nakanda.

Nianze na ndugu zako maana najua ndio wanaokunyima usingizi. Wanaliangalia hili kwa macho ya mpira wa miguu, kwamba mchezaji akitoka timu kubwa akaenda nyingine halafu nyingine basi anaporomoka. Besiboli haiko hivyo, hasa kwa warushaji. Timu ya Ligi Kuu ina orodha ya watu 40 wenye mkataba mkubwa, na kati yao 26 tu ndio wanavaa jezi siku ya mechi, na kwenye hao 26 warushaji hawaruhusiwi kuzidi 13. Sasa chukulia daladala ya level siti, abiria wa 41 akitaka kupanda lazima mmoja ashuke. Hashuki mbaya kuliko wote, anashuka yule ambaye sheria inaruhusu kumshusha bila hasara. Mwenye mkataba wa mamilioni hata akirusha ovyo haguswi, anayeguswa ni mwanao.

Na hapo kuna kitu kinaitwa opsheni. Mchezaji akishaingia kwenye ile orodha ya 40, timu ina misimu mitatu ya kumpandisha na kumshusha inavyotaka, na ndani ya msimu mmoja inaweza kumshusha mpaka mara tano. Mrushaji akishushwa anatakiwa akae huko chini siku 15, labda kuwe na aliyeumia juu. Turudi sasa kwenye ule usiku mliolia mbele ya TV. Mrushaji anayeingia katikati ya mechi akirusha raundi mbili tatu, mipira arobaini na kitu, mkono wake haufai kesho na pengine keshokutwa, unahitaji kupumzika. Timu ina mechi kesho na keshokutwa pia (wanacheza mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku), haiwezi kukaa na mkono uliochoka kwenye benchi. Kwahiyo inamshusha huyo aliyefanya kazi nzuri jana na kumpandisha mwenye mkono mbichi. Kiukweli kabisa mama, alishushwa KWA SABABU alirusha sana na vizuri. Angerusha mpira mmoja angelala hoteli ileile.

Nimeona hili likitokea sijui mara ngapi. Kijana yupo chumbani bado ana barafu begani imezungushiwa plastiki, kocha msaidizi anachungulia mlangoni anasema bosi anakuita, na wote tunajua. Anarudi baada ya dakika tatu anaanza kukunja viatu. Gari lake liko mji mwingine, nguo chafu ziko kwenye mashine ya timu, mchumba wake alikata tiketi ya kuja Jumamosi. Anaondoka na ile barafu begani.

Kule kutolewa kwenye orodha, wao wanaita DFA, napo watu wanapaelewa vibaya. Maana yake timu imehitaji siti, imemtoa mwanao kwenye wale 40, na ina siku saba za kuamua: kumbadilisha na timu nyingine, au kumpitisha kwenye waiva, yaani jina lake linapita mbele ya timu nyingine zote 29 na yoyote inayomtaka inamchukua. Umeniambia timu ya tatu ilimchukua. Hebu fikiria, ili imchukue ilibidi impe siti moja kati ya zile zake 40, na kama zilikuwa zimejaa imtoe mtu wake. Ndugu zako wanasema alifukuzwa, ila kuna ofisi watu wameketi wakaamua kumpa yeye siti yao. Huku Marekani mchezaji wa aina hii wana jina lake, sisi nyumbani tungemwita deiwaka tu, yule anayeshika usukani konda na dereva wenye gari wakiumwa. Deiwaka halali na gari, lakini gari haliendi bila yeye, na mwenye gari hamwachii usukani mtu asiyejua kuendesha.

Mfano uwape ndugu zako. Edwin Jackson kati ya 2003 na 2019 alirushia timu 14 za Ligi Kuu. Alishinda mechi 107 akapoteza 133, yaani kwa hesabu za kijiweni kwetu huyo wangemwambia akauze nyanya. Mtu huyohuyo mwaka 2010 akiwa na timu ya Arizona alimaliza mechi nzima bila kuruhusu pigo hata moja, akarusha mipira 149 usiku huo na kuwapa wapigaji 8 njia ya bure (mrushaji akikosa shabaha mara nne, mpigaji anatembea tu kituo cha kwanza), kazi ya kichaa. 2011 akabeba ubingwa na St. Louis, baadaye timu ya Cubs wakampa mkataba wa dola milioni 52 kwa miaka minne. Na kuna kituko chake nakipenda: Julai 2011 Toronto walimpata na kumpeleka St. Louis siku hiyohiyo, jezi yao hakuivaa, akaja kuivaa 2019, ndiyo ikawa timu ya 14. Rich Hill naye 2015 alikuwa na miaka 35 anarushia Long Island Ducks, ligi ya pembeni kabisa isiyo chini ya timu yoyote ya Ligi Kuu. Mwaka uliofuata Dodgers wakamsainisha milioni 48 kwa miaka mitatu. 2025 akiwa na miaka 45 akapanda kilima cha kurushia akiwa na Kansas City, timu yake ya 14, akamfikia Jackson.

Na wakisema mchezo huu sio wa Waafrika, waambie habari za mrushaji Tayler Scott wa Johannesburg. Alichaguliwa drafti ya 2011, Ligi Kuu akaiona 2019. Hesabu hiyo miaka. Akaenda Japani, Hiroshima, akarudi, akazunguka timu kama mgeni wa harusi, halafu 2024 akiwa na miaka 32 akarusha mechi 62 Houston kwa msimu mmoja. Hapo jirani zetu Uganda watoto wa Lugazi walishafika mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport 2012, wa kwanza kutoka Afrika.

Lakini nisikudanganye, hao niliowataja ni wachache. Wengi wanaochaguliwa kwenye drafti hawaigusi Ligi Kuu hata siku moja, na wengi wanaoigusa wanaondoka kimyakimya. Mwanao kufika huko kutoka raundi ya 17 ni jambo kubwa tayari. Swali la kujiuliza ni kama bado kuna njia, na bei yake ni nini. Hela ipo hivi: mkataba wa wachezaji wa ligi ndogo wa 2023 ulipandisha kima cha chini cha mshahara wa Triple-A, ngazi ya juu kabisa ya ligi ndogo, kutoka dola 17,500 hadi 35,800 kwa msimu, na nyumba wanapewa. Ligi Kuu kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa 760,000, kinalipwa kwa siku, kama dola 4,000 hivi kila siku anayokuwa juu. Kwahiyo zile siku zake 9 zimemlipa sawa na msimu mzima wa chini. Siku moja tu ya juu inampa haki ya bima ya afya ya wachezaji, hiyo ameshaipata. Siku 43 zinampa haki ya pensheni. Amebakiza 34. Sio mamilioni hiyo pensheni, ila ni ya maisha, na kwa mrushaji wa kupanda na kushuka siku 34 ni msimu mmoja wa bahati ya kawaida. Muulize, atakuwa anaijua hiyo namba kuliko tarehe yako ya kuzaliwa.

Haya. Kiwiko.

Kunja mkono wako kidogo, gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, halafu pinda kifundo cha mkono kuja kwako. Kwa watu wengi inatokeza kamba nyembamba katikati hapo kwenye kifundo. Wengine hawana kabisa na hawajawahi kugundua, maana kazi yake ni ndogo mno. Hiyo kamba ndiyo mara nyingi madaktari wanaichomoa kwenda kutengeneza kiwiko cha mrushaji. Aliyeanza ni Dk. Frank Jobe, Los Angeles, Septemba 1974, mgonjwa akiwa Tommy John, na upasuaji ukabaki na jina lake. Kabla ya hapo ukikatika kano ya ndani ya kiwiko, kazi imeisha, rudi kwenu. Yeye alirudi 1976 akarusha mpaka 1989, na baada ya upasuaji tu alishinda mechi 164.

Kano yenyewe ni fupi, iko upande wa ndani, inaunganisha mfupa wa juu na ule wa chini upande wa kidole kidogo. Mrushaji anapotupa, mkono unarudi nyuma mpaka kiganja kinaangalia mawinguni, kisha mwili unavuta mbele ghafla huku mkono wa chini umebaki nyuma, kiwiko kinataka kufunguka kwa ndani kama mlango unaosukumwa kwenye bawaba. Kwa mpira wa kilomita 150 kwa saa nguvu hiyo inazidi ambayo kano ingeweza kubeba peke yake, inaokolewa na misuli ya mkono wa chini. Misuli ikichoka kano inabaki yenyewe. Mimi ni mtoto wa Tanga, kwetu kamba ya katani haikatiki kwa mara moja, unaona uzi mmoja umesimama, kesho mwingine, na bado inavuta mzigo, mpaka siku. Kwahiyo maumivu ya tangu mwezi wa nane sio uchovu tena. Uchovu unaondoka kwa wiki mbili za kupumzika, na huyu amepumzika tangu msimu uishe.

Vidole kufa ganzi ni habari nyingine juu ya hiyo. Unajua ukigonga kiwiko mlangoni ule umeme unaoshuka mpaka kidole kidogo? Huo ni mshipa wa fahamu unaopita hapohapo nyuma ya hiyo kano. Kano ikilegea mshipa unavutwa kila anaporusha. Au inawezekana kano ni nzima na mshipa ndio unabanwa wenyewe, hilo nalo lipo na matibabu yake ni mepesi zaidi. Kwa kusoma barua siwezi kutofautisha, na mtu akikwambia anaweza mkimbie.

Maji moto na chumvi hayajamdhuru mama, misuli inalegea na mwana anajisikia anapendwa, ila kano haiungwi kwa kukandwa. Na kuna uongo mwingine lazima niutaje, huku wazazi wanaamini ukifanyiwa huo upasuaji unarudi unarusha kwa kasi zaidi. Hapana. Wanaoonekana kurudi na kasi ni waliofanya mazoezi ya mwili mwaka mzima kwa mara ya kwanza maishani.

Anachotakiwa ni daktari wa mifupa anayeshughulika na viwiko vya warushaji, sio wa kliniki ya jirani, ashikwe huo mkono, apigwe picha ya MRI, ikiwezekana ile ya kuchomwa dawa kwenye kiungo kwanza maana mpasuko mdogo unajificha. Ikionekana kano imechanika kidogo, wengi huanza na kupumzika na mazoezi ya misuli, wiki sita mpaka miezi mitatu, wengine wanachomwa sindano ya damu yao wenyewe iliyochujwa, hiyo sindano mimi naiona ya kati na kati, kuna iliowasaidia na kuna iliowachelewesha tu. Ikiwa imeng'oka pembeni na iliyobaki ni nzuri, siku hizi wanaishona na kuifunga utepe, anarudi mapema kidogo. Ikiwa imekwisha, ni ile ya Tommy John, miezi 12 mpaka 18. Wengi hurudi kurusha, sio wote kwenye kiwango kilekile. Kwa miaka 26 sio mwisho, ila ni msimu mzima umeondoka na zile siku 34 zinasubiri.

Msisubiri miadi, nendeni siku hiyohiyo, kama ganzi imekuwa ya muda wote hata asiporusha, kama anaangusha vitu au kushindwa kufunga vifungo, kama nyama kati ya kidole gumba na cha shahada imeanza kubonyea, kama alisikia mlio kiwikoni, au kiwiko kinakwama hakinyooki.

Sasa hili la kuficha. Namwelewa, kwa umri wake ningeficha pia. Ila mpango wenyewe ni mbovu. Timu mpya itaomba faili lake la afya kutoka zile za nyuma, na daktari wao kitu cha kwanza kushika kwa mrushaji ni kiwiko, hapo panapouma panaitikia penyewe. Akipita kwa bahati na kano ikakatika wiki ya tatu Arizona, wataanza kubishana ilikatika lini, na karatasi aliyosaini inasema haumwi popote. Wakati ukweli unaweza kumsaidia: maumivu yalianza mwezi wa nane akiwa na mkataba, hiyo inaweza kuhesabiwa ajali ya kazini kama ya fundi aliyeanguka kwenye ngazi, na kuna sheria ya fidia ya wafanyakazi. Kila jimbo lina muda wake wa mwisho wa kudai, kwahiyo asikae. Aongee na wakala wake na aongee na chama cha wachezaji, MLBPA, tangu 2022 kinawasimamia na wa ligi ndogo. Kama alipotoka timu ya tatu alisaini kwamba yuko salama, aseme hivyohivyo kwa mwanasheria, haijalishi ni aibu.

Je akisema, timu ya nne inaweza kuondoa ofa? Ndiyo, inaweza. Nyingine husaini hivyohivyo na kumuuguza wenyewe, kwa sababu mkono uliowahi kufika Ligi Kuu wanautaka hata ukiwa umefungwa. Nilikuwa na kijana mmoja alikuwa na maumivu hayahaya, aliniambia mimi kwa siri na kuniapisha, nami nikiwa mgeni kazini nikanyamaza siku nne. Siku ya tano nilikuwa nimesimama pembeni anapopasha mkono, nikausikia ule mlio mimi mwenyewe, kama mtu kavunja penseli. Hakulia hata, aliangalia tu mkono wake. Toka siku hiyo sina siri ya kiwiko na mtu.

Shule ipo, haikimbii. Mwambie atafute mkataba wake wa kwanza wa 2021 aangalie kama timu iliahidi hela ya masomo, wengi wanayo na wanaisahau, na kawaida inatakiwa aanze kusoma ndani ya miaka miwili baada ya kuacha mpira. Kwahiyo mwaka huu hata akiutumia kwenye tiba bado mlango uko wazi, anaweza hata kuchukua somo moja moja mtandaoni mkono ukiwa umefungwa. Kama MRI ikija safi, mimi ningemwacha aende Arizona. Ikija mbaya, atibiwe, na uamuzi wa kuacha aufanye akiwa mzima, maana anayeacha kwa sababu ya maumivu aliyoyaficha hubaki kila mwaka anajiuliza.

Wewe kuongea naye usianze na ndugu wa Dar wala shule. Muulize tu vidole leo vikoje, asubuhi, anapoamka, halafu nyamaza usubiri, kimya kikimshinda atasema. Na mkishaenda kwa daktari, mdai nakala ya picha za MRI kwenye CD au flash mtoke nayo mkononi siku hiyo, zisibaki kwenye mtambo wao, timu ya nne wataziomba na hospitali huwa zinachukua wiki mbili kuzituma.